Kupakua: Boriti za Rufiji na Vifurushi vya Linux

Neno tunalolitumia leo kwa kushusha programu kutoka intaneti, kupakua, halikuzaliwa kwenye kompyuta. Ni neno la bandari na la jikoni: mizigo hupakuliwa jahazini, wali hupakuliwa chunguni. Waliolihamishia kwenye intaneti walichagua vizuri, kwa kuwa kazi yenyewe haikubadilika. Kitu kilichohifadhiwa mahali pengine kinaletwa kwa aliyekiagiza, na katikati kuna njia, mlango, hesabu na mhuri. Ndiyo maana delta ya mto Rufiji nchini Tanzania, iliyosafirisha boriti za mikoko, ni mahali pazuri pa kuanzia kuitafakari shida inayowachosha mafundi wengi wa kompyuta: mtu anasakinisha Linux, hatua za mwanzo zinakwenda salama, kisha programu inayosimamia vifurushi inagoma. Inasema kifurushi hakikupatikana, au sahihi haikubaliki, au tarehe haipatani. Lawama ya kwanza hupewa mtandao. Hoja yangu ni kwamba lawama hiyo mara nyingi inagonga mlango usio wake. Hitilafu hizi zina historia, na historia hiyo ni ya maghala: yalijengwa kwa ajili ya mashine za nani, yalifungwa lini, na yako umbali gani na mtu aliyeko Salale, Mbwera au Kibiti mjini.

Biashara ya boriti ndiyo iliyoifanya delta hii ijulikane mbali. Mikoko iliyokatwa kwenye matope yake ilivuka bahari hadi Arabuni na Ghuba, kwenye miji isiyo na miti ya kujengea. Mwanzoni mwa mwaka 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia deltani ndani ya jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, likifuata shehena hiyohiyo. Kitabu chake kuhusu safari zile kilitoka mwaka 1940. Boriti hazikupakiwa kama kuni. Zilipangwa kwa unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, zikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mpangilio huo ulikuwa na sababu. Katika nyumba za mawe za mwambao na za Ghuba, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti inayoweza kubeba dari. Usanifu wa nyumba ya Kuwait ndio uliomwambia mkataji wa Rufiji ni mti upi aushushe majini. Nahodha aliyerudi kwao na korija za fito kwa mtu anayeezeka dari alikuwa amesafiri bure, hata kama pepo zilimpendelea na chombo hakikuvuja tone.

Neno hilo usanifu ndilo tunalolitumia pia kwa prosesa, na hapa mfanano si wa jina tu. Prosesa ni moyo wa kompyuta, na kila usanifu wa prosesa una maagizo yake unayoyaelewa. Programu iliyotengenezwa kwa prosesa za Intel haiendi kwenye zile za ARM, kama vile fito haishiki dari ya boriti. Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 akiwa Helsinki, aliiandika kwa ajili ya prosesa moja, 386 ya Intel. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mkusanyo wa programu za Linux uliotunzwa na watu wa kujitolea, ambamo kila programu ilifungwa kama kifurushi chenye jina, namba ya toleo na orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Hadi mwaka 1998 Debian ilitoka kwa usanifu mmoja. Mwaka huo, katika toleo la 2.0, ikaongezwa familia ya Motorola 68000. Mwaka uliofuata, toleo la 2.1 lilikuja na apt, programu ya kuagiza vifurushi moja kwa moja kutoka ghala la mbali, na likaongeza Alpha na SPARC. Toleo la 2.2 la mwaka 2000 likaleta ARM na PowerPC. Kufikia mwaka 2002, katika toleo la 3.0, Debian ilikuwa inatunza sanifu 11. Ghala lililoanza kama chumba kimoja likawa na vyumba 11, na kila chumba kilihitaji mtu wa kukijaza.

Tazama kwa karibu kinachotokea fundi anapoagiza programu. Kwanza apt inasoma faili lenye anwani za maghala. Inakwenda kwenye kila anwani na kuchukua hati ya ghala, yenye tarehe yake, alama za uhakiki za kila orodha, na sahihi ya kidijitali ya watunzaji. Ikiridhika na sahihi, inachukua orodha ya vifurushi ya usanifu wake tu: amd64 kwa kompyuta nyingi za Intel na AMD, i386 kwa zile kongwe za biti 32, arm64 au armhf kwa zile za ARM. Kutoka kwenye orodha inapata jina kamili la kifurushi, ambalo kwa kawaida huishia na usanifu huo, kisha inakiomba. Kikifika, inapiga hesabu ya alama yake na kuilinganisha na iliyoandikwa orodhani. Katika hatua hizi huzuka hitilafu nne tofauti. Saa ya mashine ikiwa nyuma, hati inaonekana imeandikwa kesho na inakataliwa. Ufunguo wa watunzaji ukikosekana, sahihi haithibitiki. Orodha iliyomo ndani ya mashine ikiwa ya mwezi uliopita, jina linaloombwa limeshaondolewa ghalani na toleo jipya, na jibu linakuja kwa namba 404: hakipo. Kifurushi kikipitia seva ya katikati iliyohifadhi nakala chakavu, alama hazilingani. Katika hizo nne, hakuna hata moja inayotibiwa na mtandao wenye kasi zaidi.

Iko hitilafu ya tano, na ndiyo inayobeba hoja yangu, kwa sababu haitokani na kosa la fundi wala la mashine. Ubuntu, mkusanyo mwingine wa Linux uliotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iligawa ghala lake sehemu mbili. Sanifu zenye wateja wengi ziliwekwa kwenye anwani ya archive.ubuntu.com, na nyingine zikapelekwa ports.ubuntu.com. PowerPC ilihamia upande huo wa pili mwaka 2007, na kwa miaka mingi ARM imehudumiwa huko. Mtu mwenye kompyuta ndogo ya ARM akinakili anwani kutoka kwenye kompyuta ya Intel ya jirani, anapata 404 kwa kila orodha ya vifurushi, ingawa mtandao ni mzima na ghala liko wazi. Ameingia mlango ambao chumba chake hakimo. Athari yake inazidi hapo. Nakala za ghala zilizowekwa na vyuo na kampuni za intaneti katika nchi mbalimbali, ili watu wapakue kutoka karibu, kwa kawaida zilinakili ule upande mkuu peke yake. Mwenye Intel aliweza kuhudumiwa na ghala la nchini mwake au nchi jirani. Mwenye ARM alivuka bahari kila mara. Usanifu wa prosesa uliamua umbali.

Sasa tuulize ni mashine zipi zinazofika Kibiti. Tanzania ilichelewa kwa makusudi: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango ukafunguka tena baadaye. Zilipoanza kuja kwa wingi, nyingi zilizofika mashuleni na kwenye ofisi ndogo zilikuwa za mtumba, zilizomaliza kazi yake Ulaya na Marekani. Hizo ndizo kompyuta za biti 32. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, ikaja Raspberry Pi, kompyuta ya ARM inayotoshea kiganjani, yenye bei ndogo na inayokula umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa na sola. Huko Karatu, shirika la Powering Potential liliziweka katika shule za sekondari pamoja na mitambo ya sola. Mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, au umeme unakatika, kifaa cha namna hiyo ni chaguo la busara, na vijiji vya delta vinavyofikiwa kwa mtumbwi na boti vina kila sababu ya kukichagua. Kwa hiyo mashine zinazofaa mahali kama hapa ni za aina mbili: kuukuu sana na ndogo sana. Na hizo mbili ndizo ambazo maghala makuu yaliziweka pembeni. Ubuntu iliacha kutoa toleo kamili la i386 mwaka 2019. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386.

Kisa cha Raspberry Pi ya kwanza kinaonyesha jinsi jina moja linavyoweza kuficha vitu viwili. Debian ilipoandaa usanifu wa armhf, ilikusudia kizazi cha saba cha ARM. Prosesa ya Raspberry Pi ya mwaka 2012 ilikuwa ya kizazi cha sita. Watu wachache wa kujitolea waliketi wakavitengeneza upya maelfu ya vifurushi kwa kizazi hicho, wakaita mkusanyo wao Raspbian, na wakabakiza jina lilelile, armhf. Tangu hapo, fundi anayechanganya anwani za maghala hayo mawili anaweza kupakua kifurushi bila tatizo, kukisakinisha bila tatizo, kisha programu ikaanguka inapofunguliwa kwa sababu prosesa imepewa agizo isilolijua. Lebo inasema boriti, mti wenyewe ni mwingine. Anayeielewa historia hii atauliza mashine yake ni ya kizazi gani kabla ya kuamini lebo. Asiyeielewa ataifuta mashine nzima na kuanza upya, mara ya pili na ya tatu, akila bando la watu.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni la wazi: tatizo la vijijini ni mtandao, na mtandao ukiwa mzuri yote haya yatabaki kuwa mambo madogo ya kitaalamu. Pingamizi hili lina uzito. Hadi mwaka 2009 Tanzania ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Katika zama hizo Ubuntu ilituma diski za bure kwa posta, huduma iliyodumu hadi mwaka 2011, na hata kwenye fomu ya kuagiza ilikupasa kutaja diski ni ya kompyuta ya aina gani. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilizinduliwa ikiwa na kituo Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Minara ya simu imeenea mpaka vijijini. Hakuna mwenye akili atakayebeza mabadiliko hayo. Lakini kasi hujibu swali la muda, na hitilafu nilizozieleza zinauliza swali la aina. Delta yenyewe ilikwisha kufundisha tofauti hiyo. Mwaka 1914 manowari ya Ujerumani Königsberg ilijificha katika mikondo ya Rufiji, na manowari za Uingereza zilizokuwa zikiilinda nje, zenye nguvu kuishinda, hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina cha maji. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji mafupi, ambazo zilipitia mlango wa Kikunya na kuimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Nguvu haikukosekana kwa miezi yote ile. Kilichokosekana ni chombo kinacholingana na njia.

Tena, mtandao huo mzuri hukatika. Mwaka 2024 ulitoa ushahidi ambao watu wa Rufiji na Kibiti hawahitaji kuelezwa. Mwezi Aprili mafuriko yalizamisha mashamba na makazi ya wilaya hizo mbili. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Tarehe 12 Mei kebo za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Katika majuma machache barabara ilikatika, na kebo pia. Ghala lililoko Ulaya, hata likiwa kamili kiasi gani, lilikuwa mbali kama Kuwait kwa jahazi lililokosa msimu wake. Wenyeji wa pwani wanajua maana ya kungoja upepo wa kusi: shehena isiyoweza kuondoka leo inahitaji mahali pa kukaa pakavu. Watu wa maghala ya programu wamelisahau somo hilo kwa kudhani upepo utavuma siku zote.

Pingamizi la pili linatoka kwa watunzaji wenyewe, nalo ni la haki zaidi. Watasema: kutunza usanifu ni kazi ya mikono, wenye kujitolea ni wachache, na haiwezekani kuendelea kujaza chumba ambacho wateja wake wanapungua. Siwalaumu. Hakuna aliyekaa kikao cha kuwanyima wana-delta programu. Ila ukweli kwamba hakuna mwenye nia mbaya hauondoi matokeo, na matokeo ni kwamba kila chumba kinapofungwa, wanaobaki nje ni walewale waliopokea mashine mwishoni. Na historia ileile ya Debian inatoa jibu. Vyumba vingi vya ghala lile vilifunguliwa na watu waliokuwa na mashine za aina hiyo mezani. Raspbian ilitengenezwa na waliokuwa na Raspberry Pi mikononi. Ni vigumu usanifu kutunzwa kwa muda mrefu na watu wasiouhitaji. Wanaouhitaji wakikaa kimya, mtunzaji wa Helsinki au London hana njia ya kujua kwamba Kibiti bado kuna kompyuta ya biti 32 inayoandika matokeo ya mtihani.

Wengine watasema kwamba kuzungumzia maghala ya Linux katika delta ni kuipandisha hadhi isiyo yake, kwa kuwa huko hakuna shughuli ya kompyuta ya kutajika. Historia inakataa. Mwaka 1998 wilaya ya Rufiji, iliyojumuisha Kibiti ya leo, ilianza kuwa na mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu, wenye kituo chake Ikwiriri. Kaya zilitembelewa mara tatu kwa mwaka. Vizazi, vifo na kuhama viliandikwa na kuingizwa kwenye kompyuta, kwa watu wapatao 85,000. Takwimu hizo zimewahudumia watafiti wa afya ya nchi nzima. Hiyo ni miaka mitano kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati magari yalikuwa bado yanauvuka mto kwa kivuko. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi ya kompyuta ilifika Rufiji kabla ya daraja, na Kiswahili kiliingia kwenye programu huria kabla ya kebo ya baharini. Lililochelewa ni ghala.

Pingamizi la mwisho ni la usalama: ghala la karibu huzeeka, na vifurushi vinavyobebwa kwenye flashi vinaweza kuchezewa njiani. Hapa watunzaji wametuachia zawadi ambayo hatujaitumia ipasavyo. Tangu Debian 4.0 ya mwaka 2007, apt huhakiki sahihi ya ghala na alama ya kila kifurushi. Uaminifu ulihamishwa kutoka kwenye njia ukawekwa kwenye mhuri. Kifurushi kilichopita kwenye kebo, kilichobebwa kwenye basi la Kilwa au kilichovushwa kwa boti kutoka Nyamisati kinahakikiwa kwa namna ileile, na kikibadilishwa hata herufi moja kinakataliwa. Kuzeeka kuna dawa pia: hati ya ghala ina tarehe, na ghala linaloburudishwa kila wiki linajulikana umri wake. Jambo linalotaka uangalifu ni saa. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya kutunza saa, hivyo baada ya umeme kukatika huamka zikiwa nyuma ya wakati na kukataa mhuri halali. Kurekebisha saa kwanza, kisha kuburudisha orodha, kisha kulinganisha usanifu na anwani, ndiyo kanuni ambayo kila mwalimu wa kompyuta wilayani angepaswa kuibandika ukutani kabla ya kulaumu mnara.

Kinachopendekezwa na historia hii kinawezekana kwa bei ndogo. Usanifu mmoja wa Debian unachukua mamia ya gigabaiti, kiasi kinachoingia kwenye diski moja ya nje ya kawaida. Diski kama hiyo ikiwekwa Kibiti, shuleni au kwenye ofisi ya halmashauri, ikajazwa wakati mtandao ni mzuri na wa bei nafuu, ikabeba arm64, armhf na matoleo ya mwisho ya i386, ingehudumia mashine ambazo maghala makuu yameziweka pembeni. Ingehitaji mtu mmoja anayejua tofauti kati ya sanifu hizo, anayeandika tarehe ya kila mara alipoiburudisha, na anayewaeleza wenzake kwa nini kifurushi cha kompyuta mpakato ya mwalimu mkuu hakiwezi kupewa kompyuta ndogo ya maktaba. Ujuzi wa namna hiyo si mgeni deltani. Kwa vizazi, watu wa hapa walichambua miti kwa unene, wakaipanga kwa korija na kuweka tayari mzigo wa kila chombo kabla upepo haujageuka. Mkataji wa Salale hakuwahi kuiona nyumba ya Kuwait, lakini alijua boriti inayoifaa. Ghala la leo linaomba ujuzi uleule, mara hii kwa nyumba zilizopo Kibiti yenyewe.